Sigara ya Baba na Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Ilikuwa mwezi wa Februari, majira ambayo huku kwetu Chunya tumbaku huvunwa na mabani hayazimwi moto usiku wala mchana. Siku hiyo ya kliniki mama mmoja alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akawapisha wote wenye watoto mgongoni, na alipobaki peke yake ndipo akaingia. Alikuwa na miaka 6 ya ndoa na hakuwa amepata mimba hata moja. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti: kipimo cha mkojo, kipimo cha damu, na picha ya mirija ya uzazi aliyopigwa Mbeya mjini baada ya kuuza mbuzi wawili. Vyeti vyote vilisema hana tatizo. Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na hirizi, ambayo aliificha haraka alipoona tumeiona.

"Sista," alisema, "mama mkwe ameshasema neno lake. Tumbaku ikiuzwa mwaka huu, mume wangu ataletewa mwingine."

Tukamwuliza, "Na mumeo amepimwa nini?"

Alitutazama kama mtu aliyeulizwa swali la kigeni. "Yeye si mgonjwa, Sista. Yeye ni mzima."

Mpendwa msomaji, tumeanza na mama huyu kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Katika huduma yetu ya uuguzi, na katika ziara za akina mama wa kanisa majumbani, tumekutana na wengi kama yeye: mke amezunguka hospitali zote, amekunywa mizizi ya kila mganga, na mume hajapimwa hata mara moja. Mume huyo "mzima" alikuwa akivuta pakiti nzima ya sigara kwa siku, na msimu wa kukausha tumbaku aliongeza misokoto ya gazeti ili asisinzie akilinda moto wa bani.

NI KOSA LETU PIA

Kabla ya kuwanyoshea wanaume kidole, hatuna budi kukiri yetu. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tuliokuwa tukipokea watu wenye shida ya uzazi tuliita jina la mke tu. Daftari lilikuwa la mke, maswali yalikuwa ya mke, na dawa zilikuwa za mke. Mume aliachwa nje chini ya mwembe akisubiri kuambiwa mkewe ana nini. Kwa kufanya hivyo tulimsaidia mama mkwe kutoa hukumu.

Hata katika Maandiko tunamwona Hana akilia na kudhihakiwa na mwenzake Penina mwaka baada ya mwaka. Elkana alimpenda, lakini machozi yalikuwa ya Hana. Katika vijiji vyetu mambo hayajabadilika sana.

Ukweli wa kitabibu ni huu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupatwa na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Na katika nusu hivi ya ndoa zenye tatizo hilo, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na tatizo la mke. Kwa hiyo kumpima mke peke yake ni kama kutafuta mbuzi aliyepotea huku umefumba jicho moja.

MBEGU YA BABA HUTENGENEZWA VIPI

Watu wengi hudhani kwamba mbegu za mwanamume zipo tu, kama maji katika mtungi. La hasha. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote tayari, lakini mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku kuanzia balehe hadi uzeeni. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani. Kisha hupita katika mirija myembamba iliyojikunja nyuma ya korodani, na huko hukaa kama wiki mbili ikikomaa na kujifunza kuogelea. Ukijumlisha, ni karibu miezi 3.

Yatupasa kuikumbuka hiyo miezi 3, maana inaeleza mambo mawili. Kwanza, mbegu itakayotunga mimba mwezi wa Juni ilianza kutengenezwa mwezi wa Machi. Chochote alichokivuta, alichokinywa na alichokigusa baba tangu Machi kilikuwa karibu nayo. Pili, baba akiacha leo, baada ya miezi 3 hivi anakuwa na mbegu ambazo hazikulelewa ndani ya moshi. Ndiyo maana tunasema kwamba ujauzito wa baba huanza kabla ya ule wa mama.

Mwanamume anapopimwa, maabara huhesabu mbegu, huangalia mwendo wake na umbo lake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini kinachochukuliwa kuwa cha kawaida ni mbegu milioni 16 katika mililita moja ya manii. Aliye chini ya hapo si kwamba hawezi kabisa kumpa mke mimba, bali safari yake ni ngumu zaidi.

MOSHI UNAFANYA NINI HUMO NDANI

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Mvutaji huzivuta kwenye mapafu, damu huzichukua, na damu hiyo hiyo ndiyo inayolisha korodani. Ndani yake kuna nikotini, kuna madini mabaya kama kadimi na risasi, na kuna kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Mambo yanayotokea ni haya:

Mbegu hupungua idadi na mwendo. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha katika jarida la European Urology matokeo ya tafiti 20 zilizowahusu wanaume 5,865. Walikuta kwamba wavutaji walikuwa na mbegu chache zaidi na zenye mwendo dhaifu zaidi kuliko wasiovuta, na tofauti ilikuwa kubwa kwa wale wanaovuta sana.

Mbegu huharibika ndani. Kila mbegu hubeba vinasaba, yaani maandishi ya urithi ambayo nusu yake hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Kemikali za moshi huyachafua na kuyakata maandishi hayo. Mbegu ya namna hiyo inaweza kuwa na mwendo mzuri na hata kutunga mimba, lakini barua iliyoibeba imefutika baadhi ya maneno. Uharibifu wa aina hii unahusishwa pia na mimba kutoka.

Nguvu za kiume hupungua. Sigara hudhoofisha mishipa ya damu, si ya moyo tu bali hata ile midogo ambayo mwanamume anaitegemea katika tendo la ndoa. Wapo wanaume wanaotafuta dawa za nguvu kwa siri mnadani, na pakiti ya sigara iko mfukoni mwa shati.

Tusisahau ndugu zake sigara. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havitoi moshi, lakini nikotini ni ile ile, na si salama. Bangi nayo huharibu mbegu za kiume, hata kama mvutaji anajisifu kwamba ni majani ya asili.

"MBONA BABU ALIVUTA KIKO AKAZAA KUMI NA WAWILI?"

Swali hili tunaulizwa kila tunapokaa na akina baba, na ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba sigara haimfanyi kila mwanamume kuwa tasa. Mwenye mbegu nyingi akipoteza sehemu yake, bado zinabaki za kutosha. Lakini yule ambaye alikuwa nazo chache tangu mwanzo, au aliyeugua matubwitubwi akiwa kijana na korodani zikavimba, au aliyepata kisonono kisichotibiwa vizuri, sigara humsukuma akaanguka upande wa pili wa mstari. Watu wawili hupita daraja bovu, mmoja akavuka na mwingine akatumbukia. Aliyevuka hatuambii kwamba daraja ni zima.

Tena, ukikaa na huyo babu ukamwuliza vizuri, mara nyingine atakuambia kwamba waliozaliwa walikuwa 12 na waliokua ni 7. Hatusemi kwamba ni kiko kilichowaua. Siku zile surua na malaria ziliua wengi. Tunasema tu kwamba kuzaa si jambo lile lile na kuzaa mtoto mwenye afya.

Na wapo wanaosema, "Mimi nina watoto watatu tayari, mbegu zangu hazina shida." Kwa hao tunaomba wasome sehemu inayofuata.

MTOTO ANARITHI NINI KWA BABA MVUTAJI

Tumezoea kumwambia mama mjamzito asivute wala asinywe pombe. Hilo ni sahihi. Lakini wataalamu wamejiuliza: je, baba akivuta na mama havuti kabisa, mtoto yuko salama?

Huko Shanghai, China, ambako wanaume wengi huvuta na wanawake wachache sana, walichunguzwa watoto 642 wenye saratani na kulinganishwa na watoto wazima. Mama zao hawakuwa wavutaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba watoto ambao baba zao walikuwa wamevuta kabla ya mimba kutungwa, hasa waliovuta kwa miaka mingi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani, ikiwemo saratani ya damu.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulipima ushahidi wote wa namna hiyo. Uliamua kwamba uvutaji wa wazazi husababisha aina moja ya saratani ya ini ya watoto wadogo, na kwamba kuna ushahidi, ingawa bado si kamili, unaohusisha uvutaji huo na saratani ya damu ya watoto. Tunaomba tueleweke: saratani za watoto ni chache, na watoto wengi wa wavutaji hawazipati. Lakini ni mzazi gani ambaye angeongeza hatari hiyo, hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu ya kitu ambacho angeweza kukiacha?

Yako pia mambo ya pumu. Katika nchi za Ulaya ya Kaskazini walifuatiliwa watoto zaidi ya 24,000 na wazazi wao, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Watoto ambao baba zao walivuta kabla ya kuwazaa walipata zaidi aina fulani ya pumu, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao baba zao walianza kuvuta kabla ya kutimiza miaka 15. Hebu tulifikirie jambo hilo. Mvulana wa miaka 13 anayeokota kishungi nyuma ya shule, hajui hata jina la msichana atakayemwoa, lakini tayari anaugusa mwili wa mtoto wake. Wenye watoto wa kiume, jambo hili ni letu. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini sote tunajua jinsi watoto wanavyotumwa dukani kununua sigara moja moja ya baba, na njiani huonja.

MOSHI NDANI YA NYUMBA

Mimba ikishatungwa, kazi ya sigara ya baba haijaisha. Mwaka 2011 jarida la Pediatrics lilitoa majumuisho ya tafiti 19 juu ya wajawazito wasiovuta ambao hukaa na wavutaji. Hatari ya mtoto kuzaliwa amekufa ilikuwa kubwa kwa asilimia 23, na ya kuzaliwa na kasoro za mwili kwa asilimia 13. Moshi huo pia hupunguza uzito wa mtoto tumboni.

Mtoto akizaliwa, anaendelea kuvuta pamoja na baba yake bila kupenda. Watoto wa nyumba zenye moshi hupata zaidi nimonia, pumu na maumivu ya masikio, na vichanga huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini. Wauguzi wenzetu wanajua wodi ya watoto inavyojaa wakati wa baridi ya Juni na Julai. Mtoto anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani, na baba aliyemleta kwa upendo mkubwa kwenye pikipiki ananukia tumbaku tangu mlangoni.

Kufungua dirisha hakutoshi. Kuvuta mtoto akiwa amelala chumba cha pili hakutoshi. Nguo, blanketi na ndevu hubeba mabaki ya moshi. Nyumba yenye mjamzito au mtoto haifai kuvutiwa sigara kabisa.

SISI TUNAOISHI KWA TUMBAKU

Hapa ndipo maneno yanapokuwa magumu kwetu. Ni rahisi mtu wa mjini kusema "acheni tumbaku". Chunya ilianza kujulikana kwa dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920, lakini kwa familia nyingi za Lupatingatinga, Mamba na kwingineko, ada ya shule, mabati na baiskeli vimetokana na tumbaku. Hata sadaka ya mavuno inayoletwa madhabahuni, tukisema kweli, sehemu yake inanuka tumbaku. Hatuwezi kumhukumu mkulima huku tukipokea fungu lake la kumi. Jambo hili makanisa yetu hayana budi kukaa chini na kulizungumza bila unafiki, na kuwasaidia wanaotaka kuongeza alizeti, ufuta, karanga au mahindi.

Lakini hata yule anayelima anaweza kujilinda na kuilinda familia yake. Tunashauri haya:

Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na likiwa na umande au mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi. Anayevuna bila kinga huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuumwa kichwa jioni yake. Wengi hudhani ni malaria. Vaa mikono mirefu, na glavu au mifuko ya plastiki mikononi, vuna majani yakishakauka umande, na oga mara utokapo shambani.

Mjamzito na mama anayenyonyesha asivune wala asifunge majani mabichi. Na mtoto asibebwe mgongoni kwenye kazi hiyo.

Tumbaku iliyokauka isihifadhiwe katika chumba cha kulala ikisubiri soko. Tumekuta familia za watu saba zikilala kati ya marobota.

Sumu za kupulizia wadudu zisichanganywe katika vyombo vya nyumbani, wala nguo za kupulizia zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Kwa ndugu zetu wa machimbo ya Makongolosi na Matundasi tunaongeza neno moja: zebaki ya kukamatia dhahabu nayo ni adui wa uzazi na wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mwenye kuchoma zebaki na kuvuta sigara amejibebesha mizigo miwili.

KUZUNGUMZA NA MUME

Dada mpendwa, pengine unasoma makala hii na mkono wako unawasha kuipeleka kwa mumeo na kusema, "Soma! Kumbe ni wewe!" Tafadhali usifanye hivyo. Aibu uliyotwishwa wewe isiwe fimbo ya kumpigia yeye. Mwanamume aliyeaibishwa hatapima, atakwenda kilabuni.

Chagua saa ya utulivu. Sema "sisi" badala ya "wewe": tumekaa miaka miwili, twende tukapime wote. Ikiwa mumeo hawezi kulipokea neno kutoka kwako, mwombe mchungaji, mzee wa kanisa au shemeji anayeheshimika amkalishe. Kwetu sisi imesaidia sana baba aliyekwisha kupimwa kuzungumza na baba mwenzake.

Kama mmeishi pamoja mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, nendeni wote wawili hospitali. Kipimo cha mume si cha kuogofya wala hakihitaji kisu. Anatakiwa kukaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, kisha atoe manii katika chombo safi kitakachotolewa na maabara, bila kutumia sabuni wala mate wala kondomu ya kawaida. Yanatakiwa kufika kwa mtaalamu ndani ya saa moja, yakiwa na joto la mwili. Kwa sababu hiyo asijaribu kuyatoa nyumbani Chunya na kupanda gari la Mbeya, maana ni kilomita 72. Atoe huko huko maabara iliko, katika chumba cha faragha. Kipimo kimoja kikiwa kibaya, kirudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kukata shauri. Apimwe pia magonjwa ya zinaa, na mganga amwangalie kama ana mishipa iliyovimba korodanini, kwa kuwa hiyo nayo hutibika.

KUACHA KUNAWEZEKANA

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Tanzania, asilimia 8.7 hutumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Maana yake wanaume wengi wa nchi hii hawavuti. Anayeacha anarudi kwa walio wengi.

Nikotini humfunga mtu kweli, hivyo tusiseme kwamba mvutaji ni mtu asiye na imani. Siku 3 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote: hasira, kukosa usingizi, mikono kutotulia. Mke ajue hivyo, asidhani mume amembadilikia. Baada ya wiki 2 hadi 4 hali hupoa. Hamu ikija, hudumu dakika chache tu, kisha hupita. Wakati huo anywe maji, atafune karanga au muwa, atoke nje atembee, aombe.

Ni vizuri achague siku maalumu na kuitangaza kwa watu wa nyumbani. Usiku wa kuamkia siku hiyo atupe sigara, kiberiti cha mfukoni na kisahani cha majivu. Mwezi wa kwanza akae mbali na pombe, kwa maana glasi na sigara ni marafiki wa zamani. Anayelinda bani usiku atafute mwenzake wa kupokezana naye, au abebe redio na chupa ya chai. Fedha ya pakiti aiweke kwenye kopo ambalo familia yote inaliona likijaa. Akianguka siku moja asiseme yote yameharibika; aanze tena kesho yake. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

TURUDI KWA YULE MAMA

Mumewe alikuja mwezi wa Machi, akiwa amesindikizwa na mzee wa kanisa ambaye naye alikuwa mvutaji zamani. Alikaa pembeni ya kiti, kofia mkononi. Alipopimwa Mbeya, mbegu zilikuwa chache na mwendo wake dhaifu, na alikuwa na maambukizi ambayo hakuyajua. Aliposoma cheti hakusema kitu mpaka tulipofika nje. Ndipo akamgeukia mkewe akasema, "Mama, nimekubebesha mzigo wangu miaka sita."

Alitibiwa maambukizi, pamoja na mkewe. Sigara aliiacha wakati wa Pasaka, akaanguka mara mbili msimu wa masoko wenzake walipokuwa na fedha, akainuka. Kipimo cha pili, baada ya miezi 5, kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Hatuwezi kusema ni sigara peke yake au ni dawa peke yake. Mama mkwe aliambiwa na mwanawe mwenyewe, wala si na sisi, na habari ya mke wa pili haikutajwa tena.

Tusimalize bila kusema upande mwingine. Tunawajua wengine ambao mume aliacha kabisa, miaka imepita, na kipimo hakikubadilika. Hao wamemchukua mtoto wa marehemu dada yao na wanamlea. Hatukuona nyumba yenye furaha pungufu. Kuacha sigara si kununua mtoto. Ni kuondoa jiwe moja njiani, na ni kumfanya mtoto yeyote aliye nyumbani, uliyemzaa au uliyepewa, apumue hewa safi.

Na yule mama wa bahasha ya kaki? Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, watu wakipandikiza miche, alikuja tena siku ya kliniki. Safari hii hakumpisha mtu. Alikaa kwenye foleni ya wajawazito, na mumewe amekaa kando yake akimshikia kadi.